Waziri asiye na wizara wa Uholanzi: tathmini kwa anayemtumia kutoka Nairobi

Kwa Kiholanzi, waziri anayeongoza wizara huitwa minister van: wa Fedha, wa Ulinzi, wa Mambo ya Nje. Asiye na wizara huitwa minister voor, yaani waziri kwa ajili ya jambo fulani: kwa ajili ya ushirikiano wa maendeleo, kwa ajili ya makazi, kwa ajili ya ulinzi wa haki. Kijineno hicho ndicho kinachokuonyesha nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Anayefanya kazi na Waholanzi hapa Nairobi, awe anapeleka waridi kwenye mnada wa Aalsmeer au anaandika ombi la fedha za mradi wa maji, atashughulika na mpangaji mara nyingi kuliko mwenye nyumba. Cheo hiki basi kinafaa kupimwa kama huduma nyingine yoyote unayotegemea.

Hukumu tuitoe mapema, asiye na muda aondoke nayo. Cheo hiki ni kizuri kikipewa fungu lake la bajeti, ni cha wastani kikipewa kura tu, na ni balaa pale faili moja inapokatwa vipande viwili, kimoja kwa mpangaji na kingine kwa mwenye nyumba.

Anachopewa na asichopewa

Msingi wa kisheria ni mfupi ajabu. Ibara ya 44 ya Katiba ya Uholanzi inasema wizara huundwa kwa amri ya kifalme na huongozwa na waziri, kisha inaongeza kwamba wanaweza pia kuteuliwa mawaziri wasiokabidhiwa uongozi wa wizara. Basi. Haitaji idadi, wala haisemi ni kazi gani zinafaa kupewa waziri wa aina hiyo. Ruhusa hii iliingia kwenye Katiba mwaka 1938. Mkenya akiisoma lazima ashtuke kidogo, maana ibara yetu ya 152 imefunga hesabu: mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22. Kule, amri ya kifalme yenye saini ya mfalme na ya waziri mkuu inatosha kuongeza kiti mezani.

Akishaapa, waziri huyu ni waziri kamili. Ana kura katika Baraza la Mawaziri, ambalo hukutana kila Ijumaa. Mshahara wake ni ule ule wa wenzake. Anatia saini sheria na amri za kifalme kando ya saini ya mfalme, na Bunge likiwa na swali juu ya kazi yake, anajibu yeye, hajifichi nyuma ya mwenyeji wake. Anaweza hata kuwa naibu waziri mkuu. André Rouvoet alikuwa naibu waziri mkuu tangu 2007 hadi 2010 huku akiwa waziri kwa ajili ya vijana na familia, bila wizara. Carola Schouten naye aliingia serikali ya 2022 kama naibu waziri mkuu na waziri kwa ajili ya sera ya umaskini, ushiriki na pensheni.

Asichopewa ni watu. Maofisa wote wa wizara wako chini ya katibu mkuu wake, na katibu mkuu huyo anawajibika kwa waziri mwenye wizara. Mpangaji huletewa kurugenzi moja au mbili zimfanyie kazi, lakini ajira na vyeo, mfumo wa kompyuta, magari na hata mgawanyo wa vyumba ni mambo ya mwenyeji. Mtu wake mwenyewe hasa ni msaidizi wake wa kisiasa. Hapa ndipo wengi hukosea wanapomlinganisha na waziri wa kawaida. Wote wawili wana kura sawa Ijumaa, ila Jumatatu asubuhi mmoja anatoa amri na mwingine anaomba.

Kosa la pili ni kumchanganya na naibu waziri, ambaye kwao huitwa staatssecretaris. Huyo alianzishwa baadaye, mwaka 1948, na ni kiumbe tofauti kabisa. Hufanya kazi kwa maelekezo ya waziri wake, huingia kwenye Baraza pale tu jambo lake linapojadiliwa, na akiingia hutoa ushauri bila kupiga kura. Waziri wake akianguka, desturi inamtaka naye aweke kiti chake mezani. Waziri asiye na wizara hafungwi na hilo: mwenyeji anaweza kujiuzulu leo na mpangaji akabaki kazini. Jambo la kuangalia ni kwamba staatssecretaris akisafiri nje huruhusiwa kujiita waziri. Kwa hiyo ukipewa kadi ya jina kwenye mkutano wa hoteli hapa Nairobi, igeuze usome upande wa Kiholanzi kabla hujafurahi.

Pale kinapofanya kazi vizuri

Mfano bora uko kwenye misaada ya maendeleo. Mwaka 1965 Theo Bot aliteuliwa kuwa waziri wa kwanza wa kushughulikia misaada kwa nchi zinazoendelea, akakaa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Tangu hapo kiti hicho kimepita kwa wengi, akiwemo Jan Pronk aliyekikalia tangu 1973 hadi 1977 na tena tangu 1989 hadi 1998. Uholanzi ilifikia lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato lake kama misaada mwaka 1975, chini ya mtu asiye na wizara. Na asidhani mtu kwamba asiye na wizara hana sauti: mwaka 1992 Indonesia ilichoshwa na lawama za Pronk kuhusu haki za binadamu, ikasema haitaki tena misaada ya Uholanzi.

Sababu za mafanikio hayo zinaonekana ukifungua bajeti. Tangu 2013 biashara ya nje na ushirikiano wa maendeleo vina sura yake katika bajeti ya taifa, sura ya XVII, wakati Mambo ya Nje ina sura ya V. Sura hizo ni miswada miwili tofauti na hupigiwa kura kila mmoja peke yake. Mwenyeji hawezi kuamka akapunguza fedha za mpangaji ili azibe tundu lake. Pili, kazi ina mpaka unaoeleweka, na kuna kurugenzi kuu nzima inayojua kwamba faili zake huishia kwa waziri huyu. Mwaka 2012 cheo kilipounganishwa na biashara ya nje chini ya Lilianne Ploumen, kurugenzi ya mahusiano ya kiuchumi ilihamishwa kutoka Wizara ya Uchumi hadi Mambo ya Nje pamoja na watu wake. Maofisa walihama na kazi yao, na hilo ndilo jambo ambalo serikali nyingi huliruka zikigawa vyeo.

Lakini hata mfano huu bora una ufa. Kwa kuwa cheo hakina jengo, ni rahisi kukishusha. Mwaka 2002 kilishushwa hadi staatssecretaris, akapewa Agnes van Ardenne; mwaka uliofuata kikapandishwa tena, yeye yule akiwa waziri. Mwaka 2010 kikashushwa tena, na 2012 kikarudi. Kila kinaposhuka, sauti ya misaada inatoka mezani siku ya Ijumaa, ingawa maofisa ni wale wale na dawati ni lile lile.

Historia ina vioja pia. Tangu 1952 hadi 1956 Uholanzi ilikuwa na mawaziri wawili wa mambo ya nje kwa pamoja: Johan Beyen, mtu wa benki asiye na chama, aliyeongoza wizara na kushughulikia zaidi ushirikiano wa Ulaya, na Joseph Luns wa chama cha Wakatoliki, aliyekuwa bila wizara. Inasimuliwa kwamba Luns alipoulizwa na wageni kwa nini nchi ndogo hivyo ina mawaziri wawili wa mambo ya nje, alijibu kwamba kwa kuwa nchi yenyewe ni ndogo, nje yake ni kubwa sana. Jibu lilichekesha, sababu halisi ilikuwa hesabu za vyama. Luns alibaki na wizara nzima tangu 1956 hadi 1971.

Kipo kisa kingine kisichochekesha. Mwaka 1942, serikali ya Uholanzi ikiwa uhamishoni London na Indonesia ikiwa mikononi mwa Wajapani, Raden Adipati Ario Soejono aliteuliwa kuwa waziri asiye na wizara. Ndiye Mwindonesia pekee aliyewahi kuketi katika baraza la mawaziri la Uholanzi. Alitaka wenzake wakubali kwamba Waindonesia wana haki ya kujiamulia mustakabali wao, wakakataa. Alifariki Januari 1943 akiwa bado kazini. Kura alikuwa nayo, ila hakuwa na fungu, hakuwa na maofisa, na hakuwa na mwenzake mezani.

Pale kinapokwama

Mwaka 2022 ndipo cheo hiki kilipotumiwa kupita kiasi. Baada ya uchaguzi wa Machi 2021 vyama vilizungumza siku 299 kabla serikali ya nne ya Mark Rutte kuapishwa tarehe 10 Januari 2022. Wizara zilikuwa 12, mawaziri 20. Yaani wanane walikuwa wapangaji: tabianchi na nishati, mazingira ya asili na nitrojeni, makazi, ulinzi wa haki, shule za msingi na sekondari, huduma za muda mrefu na michezo, umaskini na pensheni, na biashara ya nje na maendeleo. Muungano ulikuwa wa vyama vinne na kila kimoja kilitaka viti. Watasema ni ukubwa wa changamoto, na kwa sehemu ni kweli, lakini anayejua kugawa nyama ya arusi anajua kilichokuwa kikiendelea.

Faili ya nitrojeni, yaani uchafuzi unaotoka hasa kwenye mifugo na kudhuru hifadhi za asili, ndiyo inayofundisha zaidi, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Mei 2019 Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya kesi za utawala, lilibatilisha mfumo uliokuwa ukiruhusu vibali vya ujenzi na ufugaji kwa ahadi kwamba nitrojeni ingepunguzwa baadaye. Vibali vikakwama nchi nzima. Serikali ya 2022 ikaweka mawaziri wawili kwenye wizara moja ya kilimo: Henk Staghouwer akiwa mwenye wizara, na Christianne van der Wal akiwa waziri kwa ajili ya mazingira ya asili na nitrojeni. Vyama tofauti, maofisa wale wale. Mfuko wa mageuzi ya vijijini, uliopangwa kuwa wa zaidi ya euro bilioni 24 hadi 2035, uliangukia upande wa Van der Wal.

Tarehe 10 Juni 2022 Van der Wal alitoa ramani ya viwango vya kupunguza nitrojeni, vingine vikifika asilimia 95 katika maeneo yanayopakana na hifadhi. Siku hiyo hiyo Staghouwer alitoa barua yake kuhusu mustakabali wa wakulima, na wengi waliiona nyepesi. Mfugaji wa ng'ombe alisoma kwa waziri mmoja ni kiasi gani apunguze, akaenda kwa wa pili kutafuta ataishije, asikute jibu. Matrekta yakaingia barabarani. Septemba Staghouwer akajiuzulu, Schouten akashikilia wizara kwa muda, kisha Piet Adema akachukua Oktoba. Mpangaji alibaki akiwa na mwenyeji wa tatu ndani ya mwaka mmoja. Serikali iliyofuata iliufuta mfuko wenyewe.

Kosa hapo halikuwa la mtu, lilikuwa la mkato. Lengo la kupunguza na mpango wa riziki ya mfugaji ni jambo moja, huwezi kuandika la kwanza bila la pili. Walipolikata, kila barua ilihitaji saini mbili, na kila upande ukawa na pa kusukumia swali gumu. Fedha zilikuwepo, kura ilikuwepo, lakini mpaka ulipita katikati ya zizi.

Linganisha na Ella Vogelaar, aliyeingia 2007 kama waziri kwa ajili ya makazi, vitongoji na ujumuishaji wa wahamiaji. Yeye na Rouvoet waliitwa mawaziri wa programu: hawakuwa na wizara, ila walikuwa na sura zao za bajeti na maofisa waliokusanywa kutoka wizara kadhaa. Kwa muundo, hicho ni cheo kilichoboreshwa. Kazi kubwa ya Vogelaar ilikuwa kufufua vitongoji 40, na hapo tatizo likajitokeza: sehemu kubwa ya fedha ilitarajiwa kutoka kwa mashirika ya nyumba, ambayo si idara za serikali wala hayapokei amri zake. Yakabishana kuhusu nani alipe na kiasi gani. Novemba 2008 chama chake kilimwondolea imani akaondoka. Kwa hiyo tunaposema fungu la bajeti, tunamaanisha fedha zilizo ndani ya sura yake. Ahadi ya fedha zilizo mfukoni mwa mtu mwingine haihesabiki.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mpangaji anaweza kuiangusha nyumba nzima. Rita Verdonk, waziri kwa ajili ya uhamiaji na ujumuishaji ndani ya Wizara ya Sheria, alitangaza Mei 2006 kwamba uraia wa mbunge Ayaan Hirsi Ali haukuwa halali kwa sababu ya jina alilotumia kuomba. Mjadala ulioandamana na hilo ulikifanya chama cha D66, kilichokuwa mshirika serikalini, kumnyima imani mwishoni mwa Juni, na serikali ikajiuzulu. Desemba mwaka huo Bunge jipya lilimtaka asimamishe kuwarudisha makwao waomba hifadhi waliokaa muda mrefu. Alipokataa, likapitisha hoja ya kutoridhishwa naye. Suluhisho lao lilikuwa kubadilishana faili: suala la hifadhi likaenda kwa mwenyeji, waziri wa sheria Ernst Hirsch Ballin, na Verdonk akachukua baadhi ya kazi zake. Maofisa hawakuhama hata ghorofa. Kwa mtu anayependa mifumo inayopinda bila kuvunjika, hiyo ni sifa. Kwa mwanasheria mwenye kesi ya mteja wake katikati ya juma hilo, ni maumivu ya kichwa.

Kitalu

Matumizi ambayo hayasemwi sana, na ambayo kwa maoni yetu ndiyo yanayokipa cheo hiki thamani yake, ni ya kitalu cha miche. Wizara ya makazi na mipango ya ardhi ilivunjwa 2010. Kazi zake za nyumba zikahamia Wizara ya Mambo ya Ndani, na tangu 2012 hadi 2017 zikawa na waziri asiye na wizara, Stef Blok. Uhaba wa nyumba ulipozidi, 2022 akawekwa Hugo de Jonge kwa njia hiyo hiyo, akiwa na lengo la nyumba mpya 900,000 kufikia 2030, kasi ya 100,000 kwa mwaka. Julai 2024 serikali ya Dick Schoof ilipoingia, mche ukahamishiwa shambani: makazi yakapata wizara kamili. Tabianchi na nishati nayo ikatoka kwa mpangaji wa 2022 ikawa wizara 2024. Hifadhi na uhamiaji nako kukaundiwa wizara. Wizara zikawa 15 kutoka 12, na wapangaji wakapungua kutoka wanane hadi mmoja tu: Reinette Klever wa biashara ya nje na misaada.

Faida ya kitalu ni kwamba unajaribu kabla hujajenga. Wizara mpya inadai katibu mkuu, idara ya fedha, wanasheria na mifumo ya kumbukumbu, na miezi ya kwanza huishia kwenye mambo ya ndani badala ya sera. Waziri asiye na wizara anaanza kazi siku ya kuapishwa kwa sababu maofisa tayari wako mezani. Hasara ni kwamba mche ukikaa kitaluni mno mizizi hujikunja: makazi yalipita kwenye mikono mingi kati ya 2010 na 2024 bila paa lake.

Je, Kenya inunue?

Sisi hatuigi kitu kigeni tukifikiria jambo hili. Zamani tulikuwa na mawaziri wa nchi katika Ofisi ya Rais. Mbiyu Koinange alikuwa mmoja wao. Januari 2018 Rais Uhuru Kenyatta alimteua Raphael Tuju kuwa waziri asiye na wizara, naye wakati huo alikuwa katibu mkuu wa chama cha Jubilee. Kwa kipimo cha Waholanzi, cheo hicho kilikuwa na kiti mezani, lakini hakikuwa na kile kijineno voor: waziri kwa ajili ya nini? Mwananchi hakuwa na faili ya kumwulizia.

Ukiangalia kwa makini, katiba zetu mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Zote zinakataza waziri kuwa mbunge, tofauti na Uingereza. Tofauti kubwa iko kwenye uwajibikaji: wetu wanawajibika kwa Rais, wao wanaangushwa na Bunge. Halafu kuna ule ukomo wa 22. Waziri asiye na wizara Kenya angekula nafasi moja ya hesabu hiyo, kwa hiyo angelazimika kuwa na kazi ya maana kweli. Njia ya kuzunguka ukomo huo kwa kuongeza ngazi ya chini tayari imejaribiwa: Julai 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa makatibu waandamizi 50 wa wizara. Mtu akija na pendekezo la kuleta muundo wa Uholanzi hapa, aulizwe kwanza fungu la bajeti liko sura ipi, ndipo aulizwe jina la cheo. Hebu fikiria waziri wa pili pale Old Treasury, Harambee Avenue, makao ya Wizara yetu ya Mambo ya Nje, aliyepewa masuala ya Wakenya walio ughaibuni, akiwa na ofisi nzuri lakini kila hundi ikisainiwa na jirani yake wa ukumbini. Huyo angekuwa mgeni wa kudumu.

Kumtumia ukiwa hapa

Ubalozi wa Uholanzi ulioko Riverside unahudumia mawaziri zaidi ya mmoja, na hapo ndipo barua nyingi hupoteza njia. Balozi na wafanyakazi wake ni watu wa Mambo ya Nje. Fedha za miradi ya maendeleo na ya kukuza biashara zinatoka sura ya XVII. Utekelezaji wa mipango mingi ya biashara hufanywa na wakala wa RVO, ambao uko chini ya Wizara ya Uchumi. Kwa hiyo mradi mmoja wa umwagiliaji unaweza kuwa na fedha za waziri mmoja, mikono ya wakala wa waziri mwingine, na mwakilishi wa waziri wa tatu kwenye uzinduzi. Malipo yakichelewa, anza na wakala aliyesaini mkataba. Waziri hana faili yako mezani.

Visa ya siku zisizozidi 90 haimhusu waziri wa biashara hata kidogo, hata kama safari yenyewe ni ya biashara. Hiyo ni kazi ya Mambo ya Nje. Kukaa zaidi ya siku 90 ni kazi ya idara ya uhamiaji, IND. Waridi zikizuiwa kwa sababu ya viwavi vya nondo, mazungumzo ni kati ya KEPHIS, shirika letu la ukaguzi wa afya ya mimea, na mamlaka ya ukaguzi ya Uholanzi, NVWA, iliyo upande wa kilimo. Ushuru nao hauamuliwi na Uholanzi peke yake: mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ulijadiliwa na Brussels. Ila waziri wa biashara ya nje ndiye anayeketi kwenye kikao cha mawaziri wa biashara wa Ulaya, kwa hiyo hoja ya chama cha wakulima wa maua kuhusu kanuni za biashara ina maana ikimfikia yeye kabla ya kikao, si baada.

Kalenda ni muhimu kuliko ufasaha wa barua. Bajeti ya Uholanzi huwasilishwa Jumanne ya tatu ya Septemba. Anayetaka kugusa sura ya XVII ya mwaka unaofuata aandike mwanzoni mwa mwaka, wakati maofisa bado wanaandaa hesabu. Oktoba ni muda wa wabunge kupendekeza marekebisho, na hapo inafaa zaidi kumwandikia mbunge wa kamati husika. Mbunge akiuliza swali la maandishi, jibu linatarajiwa ndani ya wiki tatu, ingawa huahirishwa. Swali la mbunge mara nyingi hupata jibu lenye maelezo mengi kuliko barua ya shirika, kwa sababu lile lina tarehe ya mwisho.

Usitegemee jina lililo kwenye barua ya mwaka jana. Februari 2025 Klever alitangaza sera yenye makato ya misaada yanayofika euro bilioni 2.4 kwa mwaka kuanzia 2027. Juni mwaka huo huo chama chake cha PVV kilijitoa serikalini na mawaziri wake wote wakaondoka naye akiwemo, kazi zikagawiwa wengine. Makato yalibaki kwenye vitabu. Mashirika yaliyokuwa yakisubiri mtu aondoke ili fungu lirudi yalikuwa yanaangalia kiti badala ya sura.

Mwisho, bahasha. Wizara ya Mambo ya Nje iko Rijnstraat 8, The Hague, karibu na stesheni kuu, na mawaziri wake wote hutumia anwani hiyo moja. Andika cheo chote kwa Kiholanzi kwenye mstari wa kwanza, pamoja na kile kijineno voor, kisha jina la kurugenzi unayodhani inashika faili. Nakala ipeleke Riverside siku hiyo hiyo.